Kula Harambe: mwongozo wa kupata meza ndani ya Animal Kingdom, Florida

Kuna mji mdogo unaitwa Harambe, na haupo Kenya wala Tanzania. Upo Florida, Marekani, ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 kama sehemu ya Walt Disney World. Waliousanifu walifunga safari hadi Afrika Mashariki na kuitazama Lamu kwa makini, na ndiyo maana ukiingia unakuta lipu iliyobanduka, mabango ya rangi zilizochujuka na maneno ya Kiswahili kila upande. Kahawa inauzwa Kusafiri. Aiskrimu iko Tamu Tamu. Baa inaitwa Dawa. Ukipanda basi hadi Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyo karibu na bustani, utakuta jengo la Jambo House na lile la Kidani Village, na humo mna migahawa kama Boma, Jiko na Sanaa.

Kwa mgeni kutoka kwingine haya ni majina matamu ya kigeni. Kwetu ni maneno ya nyumbani, na nakiri kwamba kuliona neno "Jiko" juu ya mlango wa mgahawa wa kifahari ng'ambo ya bahari kulinigusa. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Watu wetu wengi wanaofika Orlando na watoto hupita hapo wakiwa wamechoka na wana njaa, wanaambiwa meza zimejaa, wanaishia kula chipsi wakiwa wamesimama. Meza zipo. Zinataka mpango.

Hatua ya kwanza: jua unalipia nini

Mgahawa wa aina hii haukuuzii chakula peke yake. Unakuuzia mahali, hadithi ya mahali hapo, na mara nyingine watu waliomo. Bei ya sahani imebeba vyote hivyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa simu, kaa na wenzako mjiulize: tunataka wahusika wa katuni, tunataka mandhari, au tunataka kula tushibe? Ukilijibu swali hili vibaya, hakuna chakula kitakachokuridhisha.

Wanaotaka wahusika waende Tusker House, pale pale Harambe. (Mkenya akisikia jina hilo hufikiria bia, hapa anayetajwa ni ndovu mwenye pembe.) Ulianza kama mgahawa wa kuagiza kaunta, ukageuzwa kuwa wa bufe mwaka 2007. Donald Duck akiwa amevaa nguo za safari hupita meza kwa meza pamoja na wenzake. Chakula ni mchanganyiko wa vyakula vya Kimarekani na vya ladha za Kiafrika. Kama una mtoto wa miaka minne anayempenda Donald, usitafute zaidi.

Wanaotaka mandhari waende Sanaa, Kidani Village. Madirisha yake makubwa yanatazama uwanda wa nyasi ambamo twiga na pundamilia hutembea wakila. Menyu imejengwa juu ya njia ya viungo ya Bahari ya Hindi, yaani vyakula vya Afrika vilivyokutana na India, na mtu wa pwani atavielewa bila kufafanuliwa. Kinachosifiwa zaidi ni sinia ya mikate ya aina ya naani pamoja na vichovyeo vingi vya kuchovya, kuanzia vilivyopoa hadi vinavyochoma ulimi. Watu wawili wanaweza kuifanya mlo mzima.

Wanaotaka kula washibe waende Boma, Jambo House. Ni bufe, asubuhi na jioni tu, haina wahusika, na meza zake zina vyakula kutoka pembe nyingi za Afrika, ikiwemo bobotie ya Afrika Kusini. Usiende ukitarajia kupata ugali na sukuma kama wa mama. Nenda ukitaka kuonja vya majirani zako ambao pengine hujawahi kufika kwao.

Jiko ni wa jioni, wa utulivu, na ndio ghali zaidi. Ni wa wawili wanaoadhimisha jambo, na unavaa vizuri. Sitausemea mengi, kwa kuwa anayeutaka hana watoto wa kuwakimbiza.

Mimi ningeulizwa nichague mmoja tu, ningesema Sanaa mchana. Bustani za burudani zina kelele tangu asubuhi hadi jioni, na kula huku twiga anapita dirishani taratibu ni mapumziko ambayo mwili huyahisi.

Jambo moja la fedha hapa, watu hulisahau: ili ule Tusker House lazima uwe na tiketi ya kuingia Animal Kingdom siku hiyo. Boma, Sanaa na Jiko zipo hotelini, hazihitaji tiketi ya bustani. Ukiwa na siku ambayo hukununua tiketi, hiyo ndiyo siku ya kwenda kule. Mwenye gari aliye na nafasi ya meza huegesha bila malipo hotelini. Mlinzi wa getini atakuuliza jina na mgahawa, basi uwe na uthibitisho kwenye simu.

Hatua ya pili: weka nafasi mapema, na uhesabu saa vizuri

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Anayelala katika hoteli za Disney ana upendeleo: siku 60 kabla ya kuwasili kwake anaweza kuweka nafasi za siku zote za kukaa kwake, hadi siku 10, kwa mkupuo mmoja. Wengine wote huhesabu siku 60 kwa kila siku ya mlo. Kwa hiyo kama unalala hoteli zao, meza inayogombewa sana ipangie siku za mwisho za safari yako badala ya siku ya kwanza. Hapo utashindana na watu wachache zaidi, kwa kuwa wasiolala hoteli hizo huwa bado hawajafunguliwa siku hizo.

Hii hapo juu isomwe kwa tahadhari: mgeni wa hoteli anayewasili kabla yako anaweza kuwa ameshaitwaa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo amka mapema hata hivyo.

Mtandao hufungua mlango alfajiri, takribani saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Florida. Kwa aliye Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hiyo ni saa saba mchana wakati Marekani wamesogeza saa zao mbele (Machi hadi Novemba mwanzoni), na saa nane mchana katika miezi ya baridi. Sisi tuna bahati hapa. Mmarekani anakatiza usingizi ili aweke nafasi. Wewe unaweka wakati wa chakula cha mchana.

Sasa, makosa mawili yanayowapata wasomaji wa Kiswahili hasa. La kwanza ni saa. Programu itakuandikia 10:30 AM. Hiyo ni saa nne na nusu asubuhi. Ukimtumia shangazi ujumbe kwamba meza ni "saa kumi na nusu", atafika jioni. Andikeni kwa namna moja nyote. La pili ni tarehe: Mmarekani hutanguliza mwezi. 05/09 kwake ni tarehe 9 Mei, si tarehe 5 Septemba. Chagua tarehe kwenye kalenda yenyewe na usome jina la mwezi kabla ya kubonyeza.

Utahitaji akaunti ya Disney (tovuti yao, au programu ya simu iitwayo My Disney Experience) na kadi ya benki. Kadi hutumika kama dhamana. Kwa migahawa mingi usipotokea, au ukifuta nafasi zikiwa zimebaki chini ya saa mbili, hukatwa dola 10 kwa kila mtu uliyemwandika. Familia ya watu sita ni dola 60 za bure. Mipango ikibadilika, futa mara moja. Hakuna atakayekuuliza sababu. Kabla ya kusafiri waambie benki yako kwamba kadi itatumika Marekani.

Andika idadi kamili ya watu, pamoja na mtoto mchanga wa kubebwa. Meza hupangwa kwa vichwa, na kigari cha mtoto kinahitaji nafasi yake.

Ukikuta zote zimejaa, usikate tamaa. Watu hufuta nafasi kila siku, na hasa siku moja au mbili kabla, mipango yao inapobadilika. Fungua programu usiku kabla ya kulala na asubuhi ukiamka. Kundi kubwa ndilo lenye shida. Watu wanane wakikosa, tafuta meza mbili za wanne katika saa zinazokaribiana, kisha ombeni mkifika mketishwe jirani. Hawaahidi, ila hujaribu.

Hatua ya tatu: chagua saa ya mlo kwa akili

Hapa ndipo wengi huharibu siku. Wanaweka meza saa sita mchana kwa sababu ndiyo saa ya kula, bila kuitazama bustani yenyewe.

Animal Kingdom huanza mapema na kufungwa mapema kuliko bustani nyingine za Disney. Safari ya gari ya Kilimanjaro Safaris, inayopita uwanda wa ekari 110, hupendeza asubuhi kabla jua halijawachosha wanyama. Kwa hiyo asubuhi ya mapema ni ya safari. Kifungua kinywa cha Tusker House kiweke mwishoni mwishoni, kuanzia saa nne hivi. Watoto wapate kitu kidogo hotelini, waende safari, kisha mketi kula sana wakati foleni za bustani ndipo zinarefuka. Mlo huo utawafikisha alasiri.

Kuna na hali ya hewa. Kuanzia Juni hadi Septemba Florida ina joto la unyevunyevu, na mchana mvua ya radi hushuka karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Meza ya ndani kati ya saa saba na saa tisa mchana katika miezi hiyo ni kimbilio.

Sanaa iende na mwanga. Ukienda gizani umelipia dirisha jeusi. Desemba jua huzama mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Juni hufika saa mbili na zaidi. Weka meza angalau saa moja na nusu kabla ya machweo. Boma haina dirisha la kukimbizana nalo, basi iache iwe ya usiku.

Kutoka Animal Kingdom hadi hoteli hakuna njia ya miguu. Ni basi la bure au gari. Basi lenyewe huenda kwa dakika chache, lakini kulisubiri, kupanda na kushuka kunakula muda; tenga dakika 45.

Hatua ya nne: mzio, nguruwe na pombe

Wakati wa kuweka nafasi kuna mahali pa kuandika mzio na mahitaji ya chakula. Jaza. Ukiketi, mwambie tena mhudumu, naye atakuletea mpishi au orodha maalumu. Kwenye bufe omba mpishi atembee nawe meza kwa meza akuoneshe ni kipi salama. Usione haya, ni kazi yao na wanaifanya kwa moyo.

Kwa Mwislamu: usidhani kwamba kwa kuwa jina ni la Kiswahili nyama ni halali. Atakaye chakula halali awasiliane nao siku kadhaa kabla, apate jibu mapema. Siku yenyewe, angalia haya. Kwenye kifungua kinywa cha bufe nyama ya nguruwe ipo, na vijiko vya kupakulia hupita sahani hadi sahani. Kwenye bufe ya Boma kuna kitindamlo maarufu sana, Zebra Domes, vidonge vya chokoleti vyenye mistari ya pundamilia. Watoto huvikimbilia. Mapishi yake yanayojulikana yana Amarula, ambayo ni kileo. Uliza kabla mkono wa mtoto haujafika. Nayo Dawa Bar ya Harambe ni baa kweli, jina lisikudanganye.

Mboga, samaki na mikate ya Sanaa huwafaa wengi wenye masharti, na hii ni sababu nyingine ninayoipenda.

Hatua ya tano: kufika na kuketi

Fika dakika kumi au kumi na tano kabla. Programu itakuruhusu kujisajili kwamba umefika ukiwa karibu, na meza ikiwa tayari utapata ujumbe kwenye simu. Hii inahitaji intaneti. Bustani ina Wi-Fi ya bure, ila simu iwe na chaji. Kama huna simu inayofanya kazi kule, nenda kwa mtu wa mapokezi mlangoni na utaje jina la aliyeweka nafasi, kama lilivyoandikwa.

Kuwa na nafasi ya saa nne na nusu si kusema utaketi saa nne na nusu. Unaweza kusubiri dakika kumi hadi ishirini. Kwa hiyo usiweke kitu kingine chenye saa maalumu punde tu baada ya mlo. Bufe yenye wahusika ipe saa moja na nusu.

Kama kuna siku ya kuzaliwa, sema mlangoni. Na kama bibi au babu anatembea kwa shida, omba meza iliyo karibu na chakula.

Hatua ya sita: mezani na wahusika

Sheria kubwa ni moja: kaeni, watakuja. Wahusika hupita chumba kizima kwa zamu, na mzazi anayeacha sahani ili kumfuata Donald huishia kumkosa Mickey aliyekuja mezani kwake. Pangeni zamu za kwenda kuchukua chakula, ili daima kuwe na mtu mzima na watoto mezani. Mkihisi kuna mmoja amewaruka, mwambieni mhudumu, atamwita.

Simu iwe mkononi na kamera imefunguliwa. Mhusika hukaa nanyi kwa muda mfupi. Mtoto akiwa na kitabu cha kukusanya sahihi, kifunguliwe kwenye ukurasa mtupu na kalamu nene, kwa kuwa mikono yao ya vazi ni minene. Hawa hawasemi. Mwambie mtoto mapema, asije akadhani amenuniwa.

Mtoto mdogo anaweza kuogopa. Kichwa cha vazi ni kikubwa kuliko kile alichokizoea kwenye runinga. Usimsukume wala usimcheke. Mpakate, wewe mwenyewe mpe mhusika mkono kwanza, umwache mtoto atazame. Waigizaji hawa wamezoea, watarudi nyuma hatua mbili na kupunga. Mara nyingi mzunguko wa pili mtoto ndiye anayenyoosha mkono.

Kuhusu kula: zunguka bufe yote mara moja bila sahani. Anza na vile usivyovijua, kidogo kidogo. Wali na kuku utavikuta popote.

Bili, kwa asiyezoea

Bei ya menyu si bei ya mwisho. Juu yake kuna kodi ya mauzo, 6.5% katika kaunti ya Orange ilipo Animal Kingdom, halafu bakshishi. Marekani bakshishi ya mgahawani ni sehemu kubwa ya kipato cha mhudumu, na kinachotarajiwa ni 18% hadi 20%. Hata kwenye bufe, kwa sababu kuna anayekuletea vinywaji na kuondoa sahani. Mlo wa dola 200 utakuwa na kodi ya dola 13 na bakshishi ya 18% ya dola 36: jumla dola 249. Bajeti yako iwe hiyo 249.

Mkiwa watu sita au zaidi, bakshishi ya 18% huongezwa moja kwa moja. Soma karatasi kabla ya kuandika, usije ukailipa mara mbili. Vinginevyo utarejeshewa risiti yenye mstari wa Tip, mahali pa bakshishi, na mstari wa Total, mahali pa jumla. Jaza yote mawili, tia sahihi, acha karatasi mezani.

Kwenye bufe mtoto wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto. Wa miaka 10 ni mtu mzima. Wa chini ya miaka 3 hula kutoka kwenye bufe bila malipo. Hesabu hii pekee inaweza kukuamulia: mwenye watoto wawili wa miaka kumi na moja wanaokula kidogo atapata nafuu Sanaa, anapoagiza sahani kwa sahani.

Ukikosa meza kabisa

Ipo orodha ya kusubiri ya siku hiyo ndani ya programu, ukiwa karibu na mgahawa. Ikifunguka, ingia. Nje ya hapo kuna Harambe Market, uwanja wa vibanda vya chakula uliofunguliwa mwaka 2015: unaagiza kwa simu, unachagua saa ya kuchukua, unaketi kwenye kivuli. Hakuna nafasi wala dhamana. Fanya agizo saa moja kabla ya kuhisi njaa, kwa kuwa dirisha la kuchukua husogea mbele kadiri watu wanavyoongezeka.

Na unaruhusiwa kuingia bustanini na chakula chako mwenyewe, ilimradi hakuna chupa za glasi wala pombe. Maji baridi ya bure huombwa kwenye kaunta za chakula. Familia inaweza kula sandwichi zake mchana kwa amani, kisha ikaenda Boma usiku.

Hakikisha tu, wiki mbili kabla na tena siku tatu kabla, kwamba mgahawa wako upo wazi tarehe hizo. Hufungwa kwa ukarabati, na taarifa huwekwa kwenye tovuti.

Ukishalipa Boma au Sanaa, usikimbilie basi. Pita nyuma ya hoteli kwenye vijia vya kutazamia wanyama. Ni bure kwa yeyote aliye pale, na gizani ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huweza kuonekana karibu na uzio. Wafanyakazi huvaa beji yenye jina na mahali walikotoka, na baadhi ya walio pale wametoka nchi za Afrika. Watakusalimu "Jambo", kama wanavyomsalimu kila mgeni. Itikia "Sijambo, habari za kazi?" na umpe muda aliye mbele yako aitazame beji yako isiyokuwepo, kisha akuulize umetoka wapi.